Mtaa Uliopigiwa Hodi Mara Tatu

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie jinsi wasifu wa wilaya unavyotengenezwa, kwa kuwa mie ndiye niliyekaa nao muda mrefu kuliko yeyote, ukitoa kabati. Mmetaka niandike kwa utaratibu, kuanzia mwanzo. Haya, nitajaribu. Vyeo na mishahara nitavipita, maana vyeo vyangu vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe. Nitasema nilivyoanza, nani alinifundisha, na kwa nini katika wasifu wa miaka fulani mtaa wa Mtondooni umeandikwa una watu wawili. Kila anayeajiriwa huja mezani kwangu na habari hiyo akidhani kavumbua kosa la uchapaji. Juzi wakati nakabidhi ufunguo, kijana aliyepokea nafasi yangu alikuwa tayari keshalisahihisha kwenye kompyuta. Nilimwambia alirudishe kama lilivyokuwa. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama bibi yake anapotafuta miwani aliyoivaa.

Kwa asiyejua, wasifu wa wilaya ni kitabu chembamba chenye milango mitatu: historia, jiografia, na idadi ya watu. Mgeni mkubwa akija ofisini huletewa wasifu pamoja na chai. Chai ndiyo humalizika. Lakini watu wa maji, wa skuli na wa barabara huutazama wanapopanga kazi zao, na mtaa usiokuwemo mle haupelekewi hata fundi wa kuja kusema kesho. Hilo likae kichwani, litatusaidia mbele.

Mie kwetu Tibirinzi, hapo Chake Chake. Babu yangu alikuwa na mashamba ya mikarafuu, na sisi wajukuu tulirithi picha yake na tabia ya kunyamaza mashamba yanapotajwa. Siku ya kwanza kazini sikuwa na meza. Kitengo kilikuwa hakijapata kuwa na mwanamke, na nadhani walitarajia nibadilike baada ya wiki mbili tatu. Nikakalishwa karibu na kabati la ramani, na humo ndimo nilimokutana na Mzee Mbarouk, maana alikuwa ameingiza kichwa ndani akitafuta dira.

Mzee Mbarouk alikuwa mtu wa Kiuyu, mwembamba, mwenye mwavuli uliobaki na vijiti vingi kuliko kitambaa. Alinitolea salamu zote, za kwangu, za wazee, za nyumbani na za majirani, halafu akaniuliza kama najua kutembea. Nikasema najua. Akavitazama viatu vyangu, vilikuwa vipya vya kufunika, akasema basi nitajua kesho. Na kesho yake nikajua. Ramani ya kisiwa chetu ni karatasi bapa, lakini kisiwa chenyewe ni vilima na mabonde, na kila bonde lina tope lake. Nilirudi nyumbani nimebeba viatu mkononi, mama akaniuliza kama nimefukuzwa.

Vifaa vyetu vilikuwa dira, utepe wa kupimia, chaki, penseli, na jiwe la kuzuia ramani isipeperuke. Chaki ilikuwa ya kuandikia namba za nyumba mlangoni. Mbuzi wa Pemba wanapenda sana chaki ya serikali, kwa hiyo Mzee Mbarouk alinifundisha kuandika juu, usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na nyumba iliyopakwa chokaa tukiiandikia kwa mkaa. Nyinyi mna vishikwambi sasa. Sina neno navyo, ila nimewaona mkikaa kivulini mkiomba mtandao, na nimewaona mbuzi wakiwatazama.

Mafunzo yake mengine hayakuandikwa popote. Ukitaka kujua umbali wa kisima usimuulize mwanamme, maana atakwambia ni hapo tu. Muulize mwanamke mwenye ndoo kichwani, na umuulize wakati anarudi, si wakati anakwenda. Ukitaka historia ya mtaa, waulize wazee mmoja mmoja. Ukiwakalisha pamoja utaandika ugomvi. Kila mtaa ulianzishwa na mtu aliyetoka Shirazi, au aliyetoka Uarabuni, au aliyetoka mtaa wa pili kwa sababu ya mbuzi. Yeye aliyaandika yote matatu na kumalizia kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Mkuu wetu wa wakati ule alitaka ibaki historia moja. Mzee Mbarouk akamwambia achague mwenyewe kisha akawasomee wazee, na ile habari ikaishia pale.

Fundisho kubwa lilikuwa la kuhesabu watu bila ya kuwahesabu. Wengi wenu mmelelewa mjini, na mwaona ni jambo jepesi kumuuliza mtu ana watoto wangapi. Shamba mama mzima atakujibu kwamba wapo, alhamdulillahi. Ukimbana atakwambia Mungu kajaalia. Roho za watu hazihesabiwi kama nazi, kwa kuogopa husda, na anayekutajia idadi harakaharaka huenda anakutajia ya jirani. Mzee Mbarouk hakuwa akiuliza idadi. Alikuwa akiuliza mkubwa nani. Akishatajiwa jina, akilisifu kidogo, kisha anauliza aliyemfuata nani. Anakwenda hivyo hivyo taratibu mpaka kitinda mimba, mama mwenyewe anacheka akikumbuka huyu alizaliwa mvua ya masika na yule alizaliwa baba yake yuko dago, huko kwenye kambi za wavuvi. Mwisho Mzee Mbarouk anafunga kalamu, anashukuru kwa maji ya kunywa, na hesabu hujumlishwa njiani, mbali na masikio ya watu.

Mtondooni nilifika naye mara ya kwanza mwanzoni mwanzoni, kabla sijazoea tope. Ni mtaa mdogo upande wa kusini, ukishaipita Kengeja, ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Maji yakipwa unavuka kwa miguu, kanga umeipandisha magotini. Yakijaa, Mtondooni ni kisiwa na wewe ni mgeni wao mpaka yapwe tena. Watu wa huko wanalima muhogo na migomba, wanavua, na wote ni ndugu kwa njia moja au nyengine, hata ukimsengenya mtu inabidi utazame kwanza unamsengenya mbele ya nani. Kitu wasichokuwa nacho ni maji ya kunywa. Walichimba visima, vyote vikatoa maji ya chumvi. Wanawake wao wakivuka hori na ndoo kufuata maji matamu ng'ambo, na ilibidi wavuke kwenda na wavuke kurudi ndani ya kupwa moja. Aliyechelewa foleni alilala kwa watu.

Tulipokewa na Mzee Faki, mvuvi, wakati ule bado ndevu nyeusi, na mkewe Bi Mize, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutuliza ugomvi wa watu wazima. Tulikaa barazani, tukaletewa muhogo wa nazi, na Mzee Faki akaanza historia. Akasema ardhi ile zamani ilikuwa shamba la Bwana Seif wa Tibirinzi, mtu mkali sana, kisha ikagawiwa watu eka tatu tatu. Bwana Seif wa Tibirinzi ndiye yule wa kwenye picha yetu. Niliendelea kuandika, kichwa chini, masikio yanawaka moto. Mzee Mbarouk, ambaye hakupata kuficha kitu maishani mwake, akasema kwa upole kwamba huyu anayeandika ni mjukuu wake.

Mzee Faki akanitazama, akamtazama mkewe, akamwambia amuongeze muhogo mjukuu wa Bwana Seif. Kisha akaendelea na historia pale pale alipoachia, na ule ukali wa babu yangu hakuupunguza hata kidogo. Toka siku ile niliwapenda wale watu. Jioni Mzee Mbarouk aliandika jina la Mtondooni kwenye ramani kwa mkono wake, herufi ndogo ndogo, kwa sababu ramani ya zamani ilikuwa na mikoko tu pale mahali.

Miaka ikaenda. Mzee Mbarouk alistaafu, akarudi Kiuyu, na baadaye tukaenda kumzika huko. Mwavuli wake aliniachia mie. Nikawa mie ndiye ninayewatuma wengine wakatembee, na mie ndiye ninayetazama viatu vyao.

Sasa nifike kwenye ile sensa. Kanuni mnaijua: mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, awe mwenyeji au mgeni. Baada ya hapo makarani wanapita nyumba kwa nyumba kwa siku kadhaa, wakiuliza nani alilala hapa usiku ule. Ni kanuni nzuri, na imetungwa na watu wasiokwenda harusini.

Maana mjukuu wa Mzee Faki na Bi Mize alikuwa anaolewa Kiuyu, upande wa juu kabisa wa kisiwa. Siku ilikwisha pangwa na wazee zamani. Serikali haikuwauliza wazee, na wazee hawakuiuliza serikali, na siku zikagongana. Kwetu biharusi hapelekwi na watu wanne. Anapelekwa na mtaa. Walikodi malori ya abiria, wakapakia masufuria, watoto, magodoro na kuku, wakaenda Kiuyu, wakalala huko. Karani wa Kiuyu, aliyefundishwa vizuri, akawahesabu wote huko huko kama wageni. Hakukosea. Mpaka leo wasifu wa miaka ile unaonesha Kiuyu ilifurika watu, na kuna mtaalamu mmoja aliandika kwamba sababu ni uvuvi.

Karani aliyepangiwa Mtondooni alikuwa Khatib, mwalimu wa skuli kutoka Wete, kijana mpole, mtu wa swala tano. Kwa kawaida sheha, kiongozi wa mtaa, ndiye anayemtembeza karani, kwa sababu anajua nani yuko wapi. Sheha alikuwa Kiuyu akila pilau. Khatib akavuka peke yake, akapita nyumba baada ya nyumba, zote kufuli au hazijibu, akarudi ofisini kwangu mchana na kuniambia kwamba Mtondooni hakukulala mtu.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo. Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kitu nilichokuwa nakijua: mtaa usiolala mtu unatolewa kwenye orodha ya mitaa yenye wakaazi na kuingizwa kwenye mashamba. Na orodha ile ndiyo watu wa maji walikuwa wanaingojea, kwa sababu bomba jipya lilikuwa likipangwa kuvushwa hori mwaka ule ule. Wangeichukua kesho yake alasiri, kazi ikifungwa. Wanawake wa Mtondooni walikuwa wamengoja bomba lile tangu Bi Mize hajapata mjukuu, na sasa walikuwa wamelikosa kwa kwenda harusini.

Sheha alirudi jioni ile, habari zimemfikia njiani, bado ananukia udi. Alikaa mbele yangu akaniomba niwahamishe watu kwa kalamu. Alisema ni watu wale wale, kisiwa ni kile kile, nani atajua. Nikamwambia nikiwatoa Kiuyu nitakuwa nimeifuta kazi ya karani aliyehesabu sawa, na nikiwaacha Kiuyu kisha nikawaandika na huku watakuwa wamezaliwa upya wote, pamoja na yeye. Akasema yeye hana pingamizi kuzaliwa upya. Nilimpa chai. Alikuwa karibu kulia, na mie pia, ila tulikuwa ofisini.

Alipokuwa anakunywa chai ndipo nilipomkumbuka Mzee Faki. Alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Nilikwenda mazikoni, niliingia chumbani kumpa mkono Bi Mize. Na mwanamke aliyefiwa na mume yumo ndani ya eda: miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani kwake ila kwa dharura, wala halali kwengine, hata mjukuu wake akiolewa na mfalme. Eda ilikuwa haijamalizika. Bi Mize hakwenda Kiuyu, na sheha mwenyewe, kwa hofu yake, alikuwa kamsahau.

Nikamwita Khatib. Nikamuuliza kama nyumba ya mwisho, yenye mlango wa kijani, aliigonga. Akasema alipiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa, na asipojibiwa mtu mara tatu anaondoka, ndivyo alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani na ndivyo anavyowafundisha wanawe. Nikamwambia ndani alikuwemo mjane wa eda. Kijana aliinama akashika kichwa, kwa sababu naye alijua kilichotokea. Sauti ya mwanamme mgeni mlangoni, nyumba haina mwanamme, mtaa hauna mtu. Dini haimkatazi mjane kujibu kwa haja, lakini mila za Mtondooni ni kali kuliko dini. Bi Mize asingejibu hata angepigiwa hodi mara mia, na Khatib asingepiga ya nne. Adabu ya pande mbili za mlango ilikuwa imefuta mtaa mzima.

Alitaka arudi mwenyewe usiku ule akaombe radhi. Nikamwambia akae. Kazi ile haikuwa ya mwanamme.

Asubuhi nilivuka hori maji yakiwa bado yamo magotini, dodoso nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni juu ya kichwa, mwavuli wa Mzee Mbarouk kama fimbo. Mtondooni nzima ilikuwa kimya. Mtumbwi wa Mzee Faki ulikuwa umepinduliwa uwani, na kuku mmoja aliyesahauliwa safarini alikuwa juu yake. Namba za chaki za Khatib zilikuwa milangoni, kaziandika vizuri, usawa wa mbuzi.

Nyuma ya nyumba ya mlango wa kijani nilimkuta Bi Mkasi, wifi yake Bi Mize, anasuka ukili. Wamemuacha awe pamoja naye, kwa sababu mjane haachwi peke yake. Bi Mkasi ni kiziwi. Nilimuamkia mara mbili, kisha nikaenda mbele yake nikapunga mkono, akafurahi sana akaniuliza kama nimetoka harusini. Basi hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokuwa Khatib alipokuja: mmoja hasikii, mmoja hajibu.

Bi Mize alikuwa chumbani, kitandani, kavaa kanga ya zamani iliyofuliwa ikachakaa. Tulikumbatiana. Nilimuuliza kama alimsikia kijana jana. Alimsikia. Akasema ana sauti ya mtu aliyelelewa. Akasema yeye aligonga sufuria kwa upawa ili ajue kwamba pana mtu, kisha akamsikia anajisemea mlangoni kwamba kuku hao, akaenda zake.

Nikamueleza jambo lenyewe, lote, la orodha na la bomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nifanye haraka, maji yatanijaa.

Nikafungua dodoso, nikauliza kama nilivyofundishwa, nani alilala hapa usiku ule. Akasema Mkasi. Nikauliza mwengine nani. Akasema basi na yeye. Alitaja kwa aibu, kama mtu aliyejitaja mwenyewe katika dua mbele ya wenziwe. Hakuwahi kujihesabu. Sensa zote zilizopita mumewe ndiye aliyemtaja, jina la pili kwenye karatasi, baada ya lake mwenyewe.

Swali linalofuata mnalijua. Ni la juu kabisa kwenye ukurasa, na mie nilikuwa nimeliruka makusudi. Nani mkuu wa kaya.

"Faki," akasema.

Nikaweka kalamu. Nikamwambia ni lazima awe mtu aliyelala hapa usiku ule.

"Andika Faki, Raya. Nyumba kajenga yeye. Mikuti kaezeka yeye. Mtaa mzima kakupa historia yake yeye, na muhogo ukala. Mie n'takuwaje mkuu?"

Wanangu, nimeuliza swali lile kwenye nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sijapata kutaka kuliruka kama siku ile. Ningeandika Faki, naye angeridhika, ila dodoso lenye jina la maiti lingerudishwa, na mtaa ungefutwa kwa mara ya pili. Nilimwambia hivyo hivyo, sina njia nyengine ya kulisema. Nilimwambia kwamba Mzee Faki hayumo, na kwamba usiku ule, katika Mtondooni yote, alikuwemo yeye tu wa kuushika mtaa, yeye na Bi Mkasi. Asipokuwa yeye mkuu, hakuna kaya. Pasipo kaya, hakuna mtaa.

Alilia. Miezi yote ile walisema hakulia, alikuwa akipokea watu na kuwaliwaza wao. Alilia kwa muda mrefu, mkono wake juu ya goti langu, na mie nikalia naye, na Bi Mkasi akaingia na ukili wake akatukuta, akakaa chini akalia pia, bila ya kuuliza. Maji ya hori yalikuwa yameanza kurudi. Nilikuwa nayasikia kwenye mikoko.

Mwisho alijifuta kwa pindo la kanga.

"Basi andika Mize," akasema. "Mize binti Kombo. Uandike vizuri, Faki alikuwa hapendi mwandiko mbaya."

Nikaandika vizuri. Nilivuka maji yamefika kifuani, dodoso kichwani, na orodha ilipochukuliwa alasiri Mtondooni ilikuwemo. Watu wawili. Mkuu wa kitengo alinitazama nilivyolowa, akatazama ile namba, akagonga muhuri. Hakuuliza kitu, na kwa hilo namuombea dua mpaka leo.

Bomba halikuja mwaka ule. Hamkufikiri lingekuja. Lilikuja baadaye kidogo, eda ya Bi Mize imeshakwisha na mjukuu wake wa Kiuyu keshazaa. Na hapa ndipo pana jambo ambalo halimo katika wasifu. Mafundi walivusha bomba kwenye hori, kazi kubwa, wakafika Mtondooni na karatasi zao, wakasoma kwamba mtaa una kaya moja ya watu wawili. Wakafunga mfereji mmoja, koki moja ya kuchotea maji. Wakaufunga pale karatasi ilipowaambia, mbele ya mlango wa kijani, wakaondoka.

Nilikwenda kumtembelea kabla sijastaafu. Safari hii nilivaa viatu vya plastiki, mtu hujifunza. Nilipofika ilikuwa asubuhi na sikuweza kuuona mlango wake kwa ndoo. Mtondooni yote ilikuwa pale, wanawake, wasichana wa skuli, watoto uchi, kila mmoja anasema na hakuna anayesikiliza, na katikati yao Bi Mize kakaa juu ya mtumbwi wa Mzee Faki uliopinduliwa, anaamua nani atangulie. Bi Mkasi kando yake anasuka ukili, ndiye mtu pekee wa mtaa ule mwenye raha.

Bi Mize alinishika mkono akaanza kunilaumu hapo hapo. Akasema toka alfajiri ni kelele, mpaka magharibi ni kelele, yeye hata tasbihi haifikishi mwisho. Akasema yote haya ni kwa sababu yangu na kalamu yangu.

Nikamwambia kama anaudhika nitawaandikia watu wa maji. Wataleta mifereji myengine, na huu watauhamisha, wauweke kule kwenye skuli.

Akautazama mfereji, akawatazama wale watu.

"Uhamishwe," akasema, "kisha mie nilale na nani hapa?"

Kwa hiyo wale wawili wa kwenye wasifu waacheni.